Kutafsiri lugha ya wauza simu kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila siku. "Désimlocké maana yake nini?" "Hii 128 Go ndio 128 GB au ni kitu kingine?" "Mteja wa Nairobi ananiuliza kwa nini kwenye orodha ya simu kuna helmet." Basi nimeona niandike yote sehemu moja, ukikwama unarudi hapa hapa badala ya kunitafuta inbox saa tano usiku.

Hii ni kwa ajili ya ndugu zetu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura mnaopata orodha za Kifaransa afu mnataka kuuza Kampala, Nairobi au Dar. Ni kwa ajili yenu pia wa Kariakoo ya Dar na Luthuli ya Nairobi mnaoagiza simu used kutoka Ufaransa na Ubelgiji, na vijana mnaopokea kazi za kutafsiri katalogi mtandaoni. Kifaransa chako kinaweza kuwa cha kuungaunga tu, hiyo sio shida kubwa. Shida kubwa ni kutojua muuza simu wa Kiingereza anaandikaje kwenye lebo yake. Kazi yako yote ni hiyo: ukishajua kitu chenyewe ni nini, unatafuta jina ambalo muuza simu wa upande wa pili analitumia kwa kitu hicho hicho. Kamusi inakuja baadaye sana.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Orodha yenyewe ikiwa kwenye maandishi, sio picha ya WhatsApp iliyopigwa kiubavu. Ukiletewa picha omba faili, na kama hawana basi iandike upya mwenyewe, usiamini programu inayosoma picha maana inachanganya 8 na B, na kwenye bei hicho ni kifo.
- Shiti ya Excel au Google Sheets yenye safu nne: neno la Kifaransa, neno la Kiingereza, linatumika kwenye nini, na umelitoa wapi. Safu ya nne watu wanairuka, ndio hiyo itakayokuokoa mteja akibisha.
- Kurasa mbili za brauza zimefunguliwa pembeni: apple.com/fr na apple.com/uk, au samsung.com/fr na samsung.com/uk, kutegemea una simu gani. Modeli ile ile, sifa zile zile, lugha mbili. Hii ni kamusi ya bure na imeandikwa na wenye simu yao.
- Mashine ya kutafsiri, DeepL au Google Translate, kwa rasimu ya kwanza tu.
- Namba ya aliyekutumia orodha. Utamuuliza maswali, lazima.

Hatua ya 1: Jua Kiingereza cha nani, na Kifaransa cha wapi

Kabla ya neno hata moja uliza: msomaji yuko wapi? Kiingereza cha simu cha London, cha Marekani na cha kwetu huku Afrika Mashariki vinaachana sana. "Opérateur" Mwingereza anaandika "network", Mmarekani anaandika "carrier". "Carte prépayée" London ni "pay as you go", Marekani ni "prepaid". "Recharge" ya vocha Mwingereza anaita "top-up", ila muuzaji wa Kampala au Nairobi ukimwandikia "airtime" anaelewa hapo hapo. "Forfait" ya mwezi mzima ni "plan", na kama ina mkataba London wataita "contract", lakini vile vifurushi vya siku na wiki tunavyonunua huku ni "bundle". "Portable" ni "mobile" kwa Mwingereza na "cell phone" kwa Mmarekani, na angalia sana orodha iliyochanganyika maana "ordinateur portable" au "PC portable" ni "laptop". Nimeona laptop zinauzwa kama "portable phone", bei dola mia nne, mteja akashangaa simu gani hiyo.

Upande wa Kifaransa nao uko hivyo hivyo. Kifaransa cha Kongo kina maneno yake: "unités" ni airtime, "mégas" ni bando la intaneti, yani "data bundle". Sasa chukua orodha ya Ufaransa imeandikwa "vendu à l'unité", hapo hakuna vocha hata kidogo, wanamaanisha kitu kinauzwa kimoja kimoja, kwa Kiingereza "sold individually". Na "cabine" kwa Kinshasa au Lubumbashi ni kale kameza ka kuuzia vocha na kutuma pesa, kwa mteja wa Nairobi andika "mobile money and airtime agent". Ukiandika "cabin" ataona nyumba ya mbao.

Hatua ya 2: Gawa orodha mafungu manne

Pitia mistari yote upake rangi: kifaa chenyewe na vifaa vyake, hali ya kifaa, mambo ya laini na mkataba, pesa na karatasi. Usitafsiri bado. Sababu ni kwamba neno moja linabadilika likihama fungu. "Recharge" kwenye laini ni vocha, "recharge 67 W" kwenye kifaa ni kuchaji, "67W charging". "Puce" kwenye laini ni "SIM card", lakini "puce A15 Bionic" ni "A15 Bionic chip". "Pièce" inaweza kuwa "each" ikikaa pembeni ya bei, na inaweza kuwa spea ikikaa pembeni ya neno "détachée". Ukishapaka rangi nusu ya mitego umeshaiona.

Hatua ya 3: Kifaa na vifaa vyake

Anza na rahisi. "Go" ni "GB", "Mo" ni "MB", kwa sababu Wafaransa wanahesabu kwa "octet" ambayo ndio byte. Hivyo 128 Go ni 128GB kamili, hakuna hesabu ya kufanya. "Mémoire vive" ni RAM. "Mémoire interne" au "stockage" ni "storage", usiandike "internal memory" ukaacha mtu ajiulize kama ni RAM. "Mpx" ni "MP". "6,1 pouces" ni "6.1-inch", angalia hiyo koma imegeuka nukta.

ONYO KUBWA: usibonyeze "replace all" kijinga. Ukibadilisha Go kuwa GB shiti nzima, Google inakuwa GBogle. Mo kuwa MB, unapata MBtorola. Na yule aliyebadilisha "Or" kuwa "Gold", kwa sababu "or" ni dhahabu, akapata kampuni mpya ya simu inaitwa Goldange. Weka nafasi pande zote mbili za neno, kwenye kutafuta na kwenye kubadilisha, washa alama ya kufuata herufi kubwa na ndogo, afu badilisha safu moja moja huku unaangalia. Koma za namba pia usizibadilishe zote kwa pamoja, utaua koma za sentensi.

Haya ndio maneno yanayosumbua zaidi:

"Autonomie" ni "battery life". Sio autonomy, simu haijapata uhuru wake.
"Appareil photo" ni "camera", "dorsal" au "arrière" ni "rear", "frontal" au "avant" ni "front".
"Casque" ni "headphones". Hiyo ndio helmet ya yule mteja wa Nairobi. "Écouteurs" ni "earphones".
"Kit piéton" utalikuta kwenye orodha za zamani za spea na vifaa, ni waya wa masikioni wenye maiki. Piéton ni mtembea kwa miguu kwa hiyo mashine inatoa "pedestrian kit". Andika "wired headset".
"Chargeur secteur" ni "wall charger", London watasema pia "mains charger". "Allume-cigare" ni "car charger".
"Batterie externe" ni "power bank".
"Coque" ni kava ngumu la nyuma, "case". "Étui" ni lile la kuvaa au kufunika, kama ni la kufungua kama kitabu andika "flip case" au "wallet case". Ila "coque arrière" kwenye spea inaweza kuwa mgongo wenyewe wa simu, hapo ni "back cover" au "back housing", muulize mwenye orodha.
"Verre trempé" ni "tempered glass screen protector". Ukiacha "tempered glass" peke yake kwa Afrika Mashariki wanaelewa, kwa Mwingereza maliza sentensi.
"Dalle" ni paneli nzima ya kioo, "display" au "screen panel". "Vitre" ni kioo cha juu tu, "glass". "Nappe" ni ule waya bapa wa ndani, "flex cable", usijaribu kutafsiri kwa kamusi maana utauza kitambaa cha meza.
"Étanche" kwa Kifaransa cha mtaani ni haiingii maji. Kwa Kiingereza usiandike "waterproof" hata siku moja, andika "water-resistant" na uweke kiwango cha kuzuia maji, IP67 au IP68, kama kimeandikwa. Simu ikiingia maji mteja atarudi na neno lako mkononi.

"DAS" utaikuta kwenye kila tangazo la Ufaransa, "DAS tête", "DAS tronc", "DAS membre". Ni kiwango cha mionzi ya simu ambacho mwili unafyonza, kwa Kiingereza ni "SAR": "head", "body", "limb". Wafaransa sheria yao inawataka wauzaji waionyeshe na hawafanyi mchezo nayo, Septemba 2023 wakala wao wa masafa, ANFR, walisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kupima 5.74 W/kg kwenye kiungo wakati mwisho ni 4, mpaka Apple wakatoa apdeti. Kwa mteja wa Kampala huo mstari unaweza kuuacha, ila uliza kwanza. "Indice de réparabilité" nayo ni alama ya urahisi wa kutengenezeka, inatolewa juu ya 10, ilianza Ufaransa 2021 na kwenye simu ilitumika mpaka 2025. Ukiikuta andika "repairability index (France)" na namba yake.

Rangi sasa. Hapa ndipo watu wanapoaibika. Rangi za simu ni majina ya kampuni, hazitafsiriwi, zinatafutwa. "Gris sidéral" ya Apple ni "Space Grey", kwa Marekani "Space Gray". "Noir sidéral" ni "Space Black". "Lumière stellaire" ni "Starlight". "Minuit" ni "Midnight". "Violet intense" ni "Deep Purple". "Bleu alpin" ya iPhone 13 Pro ni "Sierra Blue", mlima umebadilika kabisa, huwezi kuotea hiyo hata ukiwa na PhD ya Kifaransa, wakati "Vert alpin" ya simu hiyo hiyo ni "Alpine Green". Na "argent" ni "Silver". Sio "money". Fungua zile kurasa mbili, kopi, pesti, songa mbele.

Hatua ya 4: Hali ya simu

Kosa kwenye rangi linachekesha. Kosa hapa linaleta ugomvi na kurudisha mzigo, kwa hiyo punguza mwendo.

"Neuf" ni "new". "Neuf sous blister" au "scellé" ni "new, sealed". "Déballé" ni imefunguliwa boksi tu, "open-box". "Modèle d'exposition" ni ile iliyokaa dukani watu wanaichezea, "ex-display" kwa Mwingereza, "demo unit" kwa wengi. "Occasion" ni used! Narudia, "iPhone d'occasion" sio iPhone ya sherehe wala ya bahati, ni "used" au "second-hand". "Reconditionné" ni "refurbished", na usilichanganye na occasion maana kwa Ufaransa tangu 2022 kuna amri inayosema nani anaruhusiwa kulitumia: simu iwe imepimwa kazi zake zote na kutengenezwa pale ilipohitajika. Amri hiyo hiyo inawazuia kuandika "comme neuf" au "état neuf" kwenye simu ya reconditionné. Ukikuta tangazo lina vyote viwili, "reconditionné comme neuf", huyo muuzaji mwangalie mara mbili, na wewe usiandike "refurbished, like new" ukambebea uongo wake. Muulize: imefunguliwa? imebadilishwa nini?

Makundi ya hali, "parfait état", "très bon état", "bon état", "état correct". Watu wanapenda kuyageuza Grade A, B, C. Usifanye hivyo kama mwenyewe hajaandika grade. Kila muuzaji ana vipimo vyake na ukishaandika Grade A umetoa ahadi ambayo hakuitoa. Andika "excellent", "very good", "good", "fair". Kwa "état correct" andika "fair", kamwe sio "correct condition", na sio "good" pia, kwa sababu Mfaransa akisema correct kwenye simu anamaanisha inafanya kazi lakini sura imechoka.

"Rayures" ni "scratches", "micro-rayures" ni "light scratches" au "hairline scratches". "Fissuré" ni "cracked". "Traces d'usure" ni "signs of wear". "HS" ni kifupi cha "hors service", imekufa, "not working". "Écran HS", "screen not working". "Pour pièces" ni "for parts", London wanapenda "spares or repair". "D'origine" ni "original". "Compatible" kwenye spea maana yake sio ya kampuni, andika "aftermarket" au "third-party", fundi yeyote atakushukuru.

Hatua ya 5: Laini, mkataba na hiki kidudu kinaitwa "bloqué"

"Simlocké" ni simu iliyofungwa kwenye mtandao mmoja, "network-locked" au "locked to Orange", taja mtandao kama umetajwa. "Désimlocké" na "débloqué tout opérateur" ni "unlocked". Mwingereza ana "SIM-free" pia lakini kwa mteja wa huku usiitumie, kuna wanaodhani simu haina sehemu ya laini na wengine wanadhani wanapewa laini ya bure. Andika "unlocked, works on all networks" yaishe. Ukiona simlocké usikate tamaa haraka, Ufaransa mtandao unatakiwa kuifungua bure baada ya miezi 3, kwa hiyo muuzaji anaweza kuiombea namba ya kufungulia kabla ya kutuma.

Sasa "bloqué". Neno moja, balaa tatu. "Forfait bloqué" ni kifurushi ambacho ukimaliza kinakata, hakikupelekei bili, "capped plan". "Bloqué opérateur" ni simu imefungwa mtandao, "network-locked", inafunguka. "Bloqué iCloud" ni simu yenye akaunti ya mtu mwingine ndani, "iCloud locked", hiyo ni spea tu na pengine ni ya wizi. Ukiandika "locked" tupu kwa zote tatu umemtega mnunuzi. Kila ukikuta bloqué simama, tafuta imefungwa na nini, afu ndio uandike.

Mengine ya fungu hili:

"Sans engagement" ni "no contract" au "no commitment". "Engagement 24 mois" ni "24-month contract", engagement hapa haina uchumba.
"Résilier" ni kukatisha, "cancel". "Frais de résiliation" ni "cancellation fee" au "early termination fee".
"Hors forfait" ni matumizi yaliyozidi kifurushi, "out-of-plan charges".
"Débit réduit au-delà" ni spidi inashuka ukizidisha, "reduced speed after that". "Itinérance" ni "roaming".
"Portabilité" ni kuhama na namba yako. Code "RIO" ambayo Wafaransa wanaipata kwa kupiga 3179 inafanya kazi kama "PAC" ya Uingereza, ila usiandike PAC, mtu atatafuta kitu ambacho Ufaransa hakipo. Andika "RIO porting code".
"Mobile nu" au "prix nu" ni bei ya simu bila mkataba, "handset only". Lakini muuzaji wa mtandaoni akiandika "vendu nu" mara nyingi anamaanisha bila boksi wala chaja. Hapo tena simu mkononi, muulize.

Hatua ya 6: Pesa na karatasi

"1 299,00 €" inakuwa "€1,299.00". Nafasi inageuka koma, koma inageuka nukta, alama inakwenda mbele. Nakuomba fanya hii kwa mkono kama mistari ni michache.

"TTC" ni pamoja na kodi, "incl. VAT". "HT" ni kabla ya kodi, "excl. VAT", na TVA ya Ufaransa, yani VAT yao, ni 20% kwa hiyo kosa la herufi mbili ni moja ya tano ya bei ya kabla ya kodi. "TVA sur marge" ni "VAT margin scheme", inatumika sana kwenye simu used, muuzaji analipa kodi kwenye faida yake tu na ankara haionyeshi kodi ya kudai, mnunuzi wa jumla anataka kujua hilo kabla hajalipa.

"Offert" ni bure, "free", sio offered. "Frais de port offerts" ni "free shipping". "Remise" ni punguzo, "discount", ILA "remise en main propre" ni kukabidhiana mkono kwa mkono, "collection in person", hapo hakuna punguzo lolote usimpe mtu matumaini. "Reprise" ni kutoa simu ya zamani kwa kuongeza hela, "trade-in". "ODR" ni ile unalipa yote afu unarudishiwa, "cashback". "Disponible sous 48h" ni "available within 48 hours". "Rupture de stock" ni "out of stock".

Malipo ya awali yana maneno matatu na Kiingereza yote kinayaita "deposit", hapo kuwa makini. "Acompte" ni sehemu ya malipo na umeshajifunga kununua, andika "down payment (binding)". "Arrhes" ni ile ukighairi unaipoteza na muuzaji akighairi anakurudishia mara mbili, andika "deposit" na uongeze maelezo hayo mstari wa chini. "Caution" ni dhamana inayorudi, "refundable security deposit". Wala sio onyo.

Karatasi: "devis" ni "quote", "bon de commande" ni "purchase order", "bon de livraison" ni "delivery note", "facture" ni "invoice", ila facture ya kila mwezi ya laini ni "bill". "Avoir" ni "credit note", mashine inaandika "to have" na shiti inaonekana kama imeandikwa na mlevi. "SAV" ni "after-sales service". "Garantie" ni "warranty". "Rétractation 14 jours" ni "14-day right of withdrawal", na hiyo ni haki ya mnunuzi wa kawaida anayenunua kwa muuzaji wa kibiashara mtandaoni au kwa simu, usimwahidi mfanyabiashara wa jumla.

Hatua ya 7: Vifupisho vya matangazo

Wauzaji binafsi wanaandika kama wanalipia kila herufi. "Vds" ni "vends", nauza. "TBE" très bon état, "BE" bon état. "FDP" ni frais de port, gharama ya kutuma, kwenye tangazo la simu ni hiyo tu, nje ya matangazo ni tusi zito kwa hiyo usiende kulitumia kwenye mazungumzo. "MP" kwa Kifaransa ni ujumbe wa faragha wakati kwa Kiingereza ni megapixel, usiache ilivyo, andika "DM". "Prix ferme" ni "price firm", "à débattre" ni "negotiable", London wanaandika "ONO". "Curieux s'abstenir" ni "no time-wasters".

Tujaribu tangazo zima:

Vds iPhone 13 128 Go minuit, TBE, désimlocké, batterie 86 %, micro-rayures écran, boîte d'origine, chargeur non fourni. Cause double emploi. 290 € ferme, FDP en sus, remise en main propre possible.

Inakuwa:

For sale: iPhone 13, 128GB, Midnight. Very good condition, unlocked. Battery health 86%. Light scratches on screen. Original box, no charger. Selling because I have another phone. €290 firm, postage extra, collection in person possible.

Ona "cause double emploi", neno kwa neno ingekuwa "because double employment" na mnunuzi angedhani jamaa ana kazi mbili. Ona pia nimevunja sentensi moja ndefu kuwa fupi fupi, ndivyo matangazo ya Kiingereza yanavyokaa. Na sijaongeza sifa yoyote. Kama hakuandika "Face ID works" na wewe usiandike.

Hatua ya 8: Hakiki

Ficha safu ya Kifaransa, soma Kiingereza peke yake kama vile wewe ndio unatoa hela. Neno lolote linalokufanya usimame lina shida. Afu hesabu mistari ya pande zote mbili ilingane, jumlisha safu ya bei pande zote mbili ilingane pia, na angalia kila IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu, ina tarakimu 15. Mwisho mpe mtu anayeuza simu, sio mwalimu wa Kiingereza, apitie.

Ukikwama

*Herufi zimekuwa vituko, naona dÃ©bloquÃ©.* Faili limefunguliwa kwa mpangilio mbaya wa herufi. Usirekebishe kwa mkono. Funga, leta upya kwa njia ya kuimpoti, chagua UTF-8.

*Faili la CSV limekaa lote kwenye safu moja.* Excel ya Kifaransa inatenganisha kwa nukta-mkato badala ya koma. Wakati wa kuimpoti chagua nukta-mkato.

*Bei hazijumlishiki, zimekaa kushoto.* Shiti inaziona ni maandishi kwa sababu ya koma. Kwenye Google Sheets nenda File, Settings, weka locale ya Ufaransa kwanza, pesti orodha, namba zikishakubali rudisha locale ya Uingereza, zitajigeuza zenyewe.

*Neno silipati popote.* Liandike kwenye Google ya picha pamoja na neno "téléphone". Ukishaona ni kitu gani nenda kwenye duka la Kiingereza utafute kitu kile, soma wamekiitaje.

*Mashine imeandika "Free plan €2" na mteja anauliza ni bure au ni yuro mbili.* Free ni mtandao wa simu wa Ufaransa, Free Mobile, upo tangu 2012. Andika jina lote, "Free Mobile plan, €2/month". Orange nayo iangalie vivyo hivyo, isije ikageuka rangi ya chungwa kwenye safu ya rangi, "coloris".

*Mwenye orodha hajibu maswali yangu.* Acha neno la Kifaransa lilivyo, weka pembeni "to be confirmed", paka njano, tuma. Mnunuzi akiona njano atauliza mwenyewe, na jibu litapatikana haraka sana akishasema hatumi hela mpaka aelewe.